Somo la Saba: Tusiufagie Udongo Wetu

SHABAHA YA SOMO

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. kueleza kwa nini udongo wa kiwanja cha nyumba unapungua;
2. kutengeneza mboji kwa vitu ambavyo kwa kawaida tunavichoma;
3. kupanga kiwanja chako kiwe safi, kizae chakula, na kisikuchoshe kwa kazi.

Soma somo hili polepole. Mahali palipo na kazi ya kufanya, simama kwanza uifanye. Kisha endelea kusoma.

1. MAJI MEKUNDU

Ndugu mwanakisomo, mvua kubwa inaponyesha, simama mlangoni kwako. Tazama maji yanayotoka kiwanjani. Yana rangi gani?

Kama ni maangavu, udongo wako umetulia. Kama ni mekundu au ya kahawia, huo ni udongo wako unaondoka. Unatoka uani kwenda njiani. Unatoka njiani kwenda korongoni. Unatoka korongoni kwenda mtoni. Hautarudi.

Sasa tazama ukuta wa nyumba kwa chini. Nyumba nyingi za miaka kumi au ishirini zina msingi ulio nje. Siku nyumba ilipojengwa, msingi huo ulikuwa ndani ya ardhi. Je, nyumba imepanda juu? Nyumba haipandi. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Mwaka hadi mwaka mvua imechukua udongo kidogo kidogo, na sasa msingi uko wazi. Ukiachwa hivyo, ukuta utapasuka. Mwisho wake nyumba itaanguka.

Udongo unaoondoka kwanza ni udongo wa juu. Huo ndio wenye rutuba. Ndani yake mna majani yaliyooza, mizizi, minyoo, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Mahali pengi unene wake hauzidi kiganja cha mkono. Chini yake kuna udongo mgumu usiopenda kuotesha mboga. Udongo wa juu hutengenezwa polepole mno. Sentimita 1 tu inaweza kuchukua mamia ya miaka. Lakini mvua chache kubwa zinaweza kuiondoa, kama ardhi iko wazi.

2. NI NANI ANAYEUONDOA?

Mvua haifanyi kazi hiyo peke yake. Sisi wenyewe tunaisaidia kwa njia tatu.

Kwanza, ufagio. Kila asubuhi tunafagia kiwanja chote, kutoka mlangoni hadi mpakani. Pamoja na majani, ufagio huondoa vumbi laini. Vumbi hilo ni udongo wa juu.

Pili, moto. Majani tuliyofagia tunayakusanya na kuyachoma. Majani hayo yangeoza, yangekuwa chakula cha udongo. Yakichomwa, sehemu kubwa ya chakula hicho hupotea hewani pamoja na moshi. Hubaki jivu kidogo tu.

Tatu, miguu. Watu, mbuzi na ng'ombe hukanyaga mahali palepale kila siku. Ardhi hukazana kama sakafu. Maji ya mvua hayawezi kuingia, basi hutiririka na kuondoka na udongo.

Hapa wengine watauliza: "Je, hatukufundishwa usafi?" Tulifundishwa, na mafunzo yale ni ya kweli. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya katika Tanzania nzima. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakazungumza. Walichimba vyoo na mashimo ya taka, wakafyeka majani marefu karibu na nyumba. Kazi hiyo ilikuwa nzuri. Hata leo tunapaswa kuondoa majani marefu karibu na nyumba, maana nyoka na panya hujificha humo.

Lakini usafi wa nyumba hautaki kiwanja kizima kiwe kitupu kama kichwa kilichonyolewa. Mahali pasafi na mahali patupu si kitu kimoja. Somo letu la leo limo katika tofauti hiyo.

3. FUNZO LA KONDOA

Ili tuone nguvu ya kufunika ardhi, twende Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma.

Katika vilima vya Kondoa miti ilikatwa, nyasi zikaliwa na mifugo hadi mizizi, na ardhi ikabaki wazi. Mvua zilichimba makorongo marefu na ya kutisha. Mchanga ulitoka vilimani ukajaa mabondeni na kufunika mashamba mazuri.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Watu waliuita HADO kwa kifupi. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa. Hata hivyo, mifugo iliendelea kula kila kilichoota. Mwaka 1979 iliamriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Amri hiyo ilikuwa nzito. Wenyeji walikosa maziwa, na walikosa samadi ya karibu. Ilibidi wapeleke mifugo yao mbali.

Ikawaje baadaye? Nyasi ziliota zenyewe. Vichaka vilirudi, kisha miti. Hakuna aliyezunguka vilimani na gunia la mbolea. Ardhi ilipopata kifuniko, ilianza kujiponya. Baadaye baadhi ya wakulima walirudisha ng'ombe wachache wa kufungwa zizini, wakawa wanawakatia majani na kukusanya samadi.

Kondoa inatufundisha mambo mawili. Ardhi iliyo wazi huondoka. Ardhi iliyofunikwa hukaa, tena hunenepa. Tena inatufundisha kwamba ni afadhali kuwahi. Aliyengoja hadi korongo limechimbika hulipa kwa uchungu. Kiwanja chako bado hakijawa korongo. Anza sasa.

4. JARIBIO LA DARASANI

Usikubali maneno matupu. Jaribu mwenyewe.

Vitu vinavyotakiwa: madumu mawili makuukuu yaliyokatwa ubavu mmoja, udongo, nyasi kavu, makopo mawili ya kukingia maji, na ndoo ya maji.

Namna ya kufanya:

1. Jaza udongo wa aina moja katika madumu yote mawili. Ushindilie kidogo.
2. Dumu la kwanza liache udongo wake wazi. Dumu la pili lifunike kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne.
3. Yalaze madumu yote mawili, upande uliokatwa uwe juu. Yainamishe kidogo kama ardhi ya mteremko. Mdomo wa kila dumu uwe upande wa chini, na uwe wazi. Weka kopo chini ya kila mdomo.
4. Mwagia kila dumu maji kiasi kilekile. Mwagia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, ili maji yaanguke kama mvua.
5. Tazama maji yaliyoingia katika makopo.

Maji ya dumu la kwanza yatatoka haraka, tena yatakuwa machafu kwa udongo. Maji ya dumu la pili yatatoka polepole, yatakuwa machache na safi zaidi. Mengine yamebaki katika udongo. Maji hayo yaliyobaki ndiyo ambayo mche wako ungekunywa.

5. MAZUNGUMZO

Watu wawili wasome mazungumzo haya kwa sauti. Mmoja awe mama mkwe, na mwingine awe mkamwana wake. Wamesimama uani asubuhi.

MAMA MKWE: Mwanangu, mbona leo hukufagia hadi kule kwenye mpapai?

MKAMWANA: Shikamoo, mama. Nimefagia mbele ya nyumba, jikoni, na njia ya kwenda chooni. Kule kwenye mpapai nimeacha majani makusudi.

MAMA MKWE: Marahaba. Makusudi! Wageni wakija watasema nini? Watasema nyumba hii haina mwanamke.

MKAMWANA: Mama, naomba uje utazame. Ukiinua majani haya, chini yake pana unyevu. Na pale nilipofagia jana, pamekauka kama chungu.

MAMA MKWE: Kweli pana unyevu. Lakini nyoka je? Mimi nimezaliwa zamani, mwanangu. Najua nyoka wanapenda majani.

MKAMWANA: Umesema kweli, mama. Ndiyo maana karibu na nyumba sikuacha hata jani moja. Hatua tano kutoka ukutani nimefagia. Kule mbali nimetandaza majani mafupi, sikuyarundika. Tena tutayatazama mara kwa mara.

MAMA MKWE: Na mchwa? Mchwa wakipanda kwenye nguzo, nyumba itakwisha.

MKAMWANA: Kwa sababu hiyo hiyo majani hayagusi ukuta. Hata shina la mpapai hayaligusi.

MAMA MKWE: Haya. Zamani sisi tulipanda maboga kwenye jaa la taka, yakazaa mpaka tukagawia majirani. Hatukujua sababu.

MKAMWANA: Sababu ni hiyo, mama. Taka zilikuwa zimeoza zikawa udongo.

MAMA MKWE: Basi acha majani yako. Lakini mbele ya nyumba yangu nataka pang'ae.

MKAMWANA: Patang'aa, mama.

Zungumzeni darasani: Mama mkwe alikuwa na hofu gani tatu? Je, hofu hizo zilikuwa za bure? Mkamwana alizijibu kwa maneno tu au kwa vitendo?

6. GAWA KIWANJA CHAKO SEHEMU TATU

Chukua kijiti. Chora kiwanja chako mchangani. Onyesha nyumba, jiko, choo, bafu, zizi, na njia ya maji ya mvua. Kisha gawa kiwanja sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza: mahali pa kufagia. Hapa ni karibu na nyumba, kama hatua tano kila upande, pamoja na njia za kupita. Pawe pasafi siku zote. Watoto huchezea hapa, na nafaka huanikwa hapa.

Sehemu ya pili: kivuli na matunda. Panda miti michache inayojitunza. Mwarobaini huvumilia ukame na hutoa kivuli kizuri. Mlonge hukua upesi, na majani yake ni mboga. Mpapai huzaa mapema, lakini unataka maji kidogo, basi upande karibu na bafu. Miti mikubwa isiwe karibu na ukuta. Acha mita 5 au zaidi, ili mizizi na matawi yasiharibu nyumba. Majani yanayoanguka chini ya miti hii usiyafagie. Yaache yaoze.

Sehemu ya tatu: bustani na mpaka. Kwa bustani chagua mboga zisizotaka kupandwa upya kila mara. Kisamvu na matembele huchumwa mara nyingi kutoka mche uleule. Matembele na maboga hutambaa na kufunika ardhi, hivyo magugu hukosa jua. Mbaazi hudumu zaidi ya mwaka mmoja. Mizizi ya mbaazi na kunde ina vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo wamo viumbe wadogo sana wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kulisha mmea. Naitrojeni ndiyo chakula kinachofanya majani yawe ya kijani kibichi. Mizizi na majani ya mimea hiyo yakioza, udongo nao hupata sehemu yake.

Mahali penye mteremko panda mchaichai kwa mstari unaokata mteremko. Mashina yake husongamana na kuzuia udongo. Tena majani yake ni kiungo cha chai. Mpakani panda mkonge au minyaa. Mimea hii haitaki kumwagiliwa. Lakini jihadhari na utomvu wa minyaa. Ukiingia machoni huumiza vibaya. Usiipande mahali wanapochezea watoto.

Kiwanja kilichopangwa hivi hupunguza kazi. Tufanye hesabu. Tuseme unafagia kiwanja chote kwa nusu saa kila siku. Kwa siku 30 ni saa 15. Sasa unafagia theluthi moja tu. Kwa siku 30 ni saa 5. Umebakiwa na saa 10 kila mwezi. Saa hizo zinatosha kutengeneza mboji, na nyingine utapumzika.

7. KUTENGENEZA MBOJI

Mboji ni mbolea inayotokana na majani, mabua na samadi iliyooza vizuri. Haiuzwi dukani. Unaitengeneza mwenyewe.

Wakati mzuri ni mwisho wa masika, mwezi wa Aprili au Mei. Wakati huo majani mabichi yako tele, na udongo bado una unyevu. Mboji itakuwa tayari kabla ya mvua nyingine.

Katika sehemu kavu kama Dodoma, tengeneza mboji ndani ya shimo ili isikauke. Katika sehemu zenye mvua nyingi, tengeneza lundo juu ya ardhi ili isijae maji.

Chimba shimo lenye upana wa mita 1 na nusu, urefu wa mita 2, na kina cha sentimita 60, yaani juu kidogo ya goti. Chimba chini ya kivuli. Liwekee uzio wa miiba ili watoto na kuku wasiingie. Kisha panga matabaka hivi:

1. Chini kabisa weka mabua au vijiti, unene wa kiganja. Hivi hupitisha hewa.
2. Weka nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 15. Nyunyizia maji.
3. Weka majani mabichi, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, unene wa sentimita 15.
4. Weka samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, unene wa vidole vitatu.
5. Tandaza udongo wa juu kidogo, na konzi chache za jivu.
6. Nyunyizia maji. Kisha rudia tangu namba 2 mpaka shimo lijae na kupita juu kidogo.
7. Chomeka kijiti kirefu kilichochongwa, kifike katikati ya lundo.
8. Funika kwa nyasi au majani ya mgomba.

Kijiti kile ndicho kipimo chako. Baada ya wiki moja kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, mboji inaiva vizuri. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi, tena kinanuka vibaya, maji yamezidi au hewa haipiti. Geuza lundo na uongeze majani makavu.

Baada ya wiki tatu geuza mboji. Ya juu iwe chini, na ya chini iwe juu. Baada ya wiki tatu nyingine geuza tena. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Utaitambua kwa rangi yake nyeusi na harufu ya udongo wa msituni. Majani hayatatambulika tena.

Vitu vya kutotia ndani ya shimo:

- mifuko ya plastiki, chupa, vyuma na betri;
- mimea yenye magonjwa;
- mizizi ya magugu yanayochipua tena, kama sangari;
- kinyesi cha watu, mbwa au paka.

Zamani taka za kijijini zilikuwa majani na maganda matupu. Leo zimechanganyika na plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni, 2019. Lakini vifungashio vingine bado vimetapakaa. Plastiki haiozi. Huzuia maji na mizizi, na mbuzi akiila anaweza kufa. Basi weka vyombo viwili nyumbani: kimoja cha vitu vinavyooza, na kingine cha visivyooza.

Je, kama huna mifugo? Omba samadi kwa jirani, nawe umpe majani au mabua ya kulishia ng'ombe wake. Ukikosa kabisa, zidisha majani mabichi. Mboji itachelewa, lakini itaiva.

8. TUTA LA KUZAMA

Katika nchi yenye mvua nyingi tunainua tuta juu. Katika nchi kavu tunafanya kinyume. Tunalizamisha tuta ili maji yakae ndani yake. Sehemu kubwa ya Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Hapo tuta la kuzama ni msaada mkubwa.

1. Pima upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Upana huo unakuwezesha kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani.
2. Ondoa udongo wa juu, uuweke upande wa kulia.
3. Chimbua udongo wa chini kwa kina cha jembe. Utifue. Kiasi kidogo kitoe, ukiweke kando kama ukingo.
4. Changanya udongo wa juu na mboji. Debe 1 la mboji linatosha mita 1 ya mraba. Kwa tuta hili utatumia madebe 3.
5. Rudisha mchanganyiko huo ndani ya tuta. Uso wake uwe chini kuliko ukingo kwa upana wa kiganja.
6. Mwagilia. Panda. Miche ikishasimama, tandaza matandazo ya nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Matandazo yasiguse mashina.

Usikanyage tuta tena. Usilichimbue upya kila mwaka. Ongeza mboji juu, ongeza matandazo, waachie minyoo kazi ya kulima. Kuku ndio adui mkubwa wa matandazo, maana huyachakura. Zungushia miiba au fito.

Babu zetu waliyajua mambo haya. Wamatengo wa Mbinga hupanga nyasi kwa mistari inayokatana, wakazifukia kwa udongo. Mashimo yanayobaki katikati huitwa ngoro. Maji ya mvua hukaa ndani ya ngoro, na nyasi zilizofukiwa huwa mbolea. Wachaga wa Kilimanjaro hupanda migomba, kahawa na miti pamoja katika vihamba, karibu na nyumba, na samadi ya zizini hurudi chini ya migomba. Udongo wa kihamba hufunikwa mwaka mzima.

9. HESABU YA MAJI YA PAA

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa lenye mita 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji.

Tuseme paa lako la bati lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5.

6 × 5 = mita za mraba 30.

Mvua moja nzuri ya milimita 20 itatoa:

30 × 20 = lita 600.

Debe moja ni lita 20. Basi 600 ÷ 20 = madebe 30.

Madebe 30 yanaanguka chini ya mchirizi kwa mvua moja. Yasipoongozwa, yatachimba msingi wa nyumba. Yakiongozwa, yatanywesha bustani. Panga mawe au kokoto chini ya mchirizi ili matone yasichimbe. Chimba mfereji mdogo wenye mteremko wa taratibu, upeleke maji mbali na ukuta, hadi kwenye mipapai na matuta. Maji yasisimame siku nyingi, maana mbu watazaliana. Yakikaa zaidi ya siku moja au mbili, tifua chini ya shimo na uongeze majani.

10. ANZA NA KIDOGO

Usijaribu kugeuza kiwanja kizima kwa wiki moja. Utachoka na utaacha. Msimu wa kwanza fanya mambo matatu tu: acha kuchoma majani, chimba shimo moja la mboji, tengeneza tuta moja. Msimu wa pili ongeza tuta la pili na mstari wa mchaichai. Haba na haba hujaza kibaba.

KUMBUKA

- Ardhi iliyo wazi huondoka. Ardhi iliyofunikwa hukaa.
- Fagia karibu na nyumba. Funika mahali pengine.
- Usichome majani. Yarudishe udongoni.
- Matandazo yasiguse ukuta wala shina.
- Maji ya paa yasichimbe msingi. Yaongoze bustanini.

MASWALI

1. Kwa nini msingi wa nyumba ya zamani huonekana nje?
2. Taja njia tatu ambazo watu huisaidia mvua kuondoa udongo.
3. Mifugo iliondolewa mwaka gani katika eneo lililoharibika la Kondoa? Wenyeji walikosa nini? Ardhi ilipata nini?
4. Kijiti cha mboji kikiwa kikavu utafanya nini?
5. Tuta lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Litahitaji madebe mangapi ya mboji?
6. Paa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Mvua ni milimita 10. Yatapatikana madebe mangapi ya maji?

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni kiwanja kimoja, kwa idhini ya mwenyewe. Chimbeni shimo la mboji pamoja. Chomekeni kigingi karibu na ukuta wa nyumba, mkikiwekea alama mahali kinapogusana na ardhi. Mvua zikiisha, pimeni kwa rula. Kama alama iko juu ya ardhi, udongo umeondoka. Andikeni katika daftari ni sentimita ngapi, na tarehe ya kupima. Pimeni tena mwaka unaofuata.

MANENO MAPYA

matandazo – nyasi au majani yanayofunika udongo
mboji – mbolea ya majani na samadi iliyooza
mchirizi – mahali maji ya paa yanapoangukia
mmomonyoko – kuondoka kwa udongo kwa maji au upepo
rutuba – nguvu ya udongo ya kuotesha mimea
tabaka – kitu kilichotandazwa juu ya kingine